Tathmini ya VVM, lebo ya joto kwenye kichupa cha chanjo

Lebo ninayoitathmini ni ile ya duara yenye mraba katikati, ambayo hubandikwa kwenye kichupa cha chanjo na ambayo wachanjaji huiita VVM. Ilianza kutumika mwaka 1996 kwenye chanjo ya polio ya matone, na kazi yake ni moja tu: kuonyesha jumla ya joto ambalo kichupa kimepitia njiani na ghalani. Haina betri.

Kinachonivutia zaidi ni ule mraba. Ndani yake mna fuwele ndogo mno za kemikali ya jamii ya dayasetilini, ambazo zikiwa mpya hazina rangi. Molekuli zake zimejipanga safu kwa safu, kila moja ikiwa karibu nusu nanomita kutoka kwa jirani yake, na zimelala mshazari kiasi kwamba kaboni zinazopaswa kushikana zimekwisha kukaribiana. Kadiri zinavyopata joto, molekuli hizo huungana kuwa polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli, zikiwa mle mle ndani ya fuwele, bila kuyeyuka. Minyororo inayozaliwa hufyonza mwanga, na kwa hiyo mraba hukolea rangi polepole. Mwanakemia Gerhard Wegner aliueleza mwenendo huu wa dayasetilini mwaka 1969, na sijaona matumizi yanayoitendea haki kemia hiyo kuliko haya.

Ubora wa lebo unatokana na jambo hilohilo. Molekuli zilizokwisha kuungana haziachani, kwa hiyo kichupa kilichoachwa juani kisha kikarudishwa kwenye jokofu hakiwezi kuficha yaliyokipata. Vilevile chanjo hazistahimili joto kwa kiwango kimoja, na lebo zimetengenezwa kulingana na tofauti hiyo: VVM2 ya polio ya matone hufika kikomo kwa siku 2 kwenye nyuzi 37 za Selsiasi, ilhali VVM30 ya homa ya ini B huchukua siku 30.

Kuisoma ni rahisi: mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo itumike ikiwa tarehe yake haijapita; rangi zikilingana, au mraba ukiwa umekolea zaidi, isitumike. Ugumu huja karibu na kikomo, hasa penye mwanga hafifu, ambapo watu wawili wanaweza kutoa hukumu mbili. Manufaa ambayo hayatajwi vya kutosha ni kwamba lebo husaidia kupanga foleni: kichupa ambacho mraba wake umeanza kukolea hutangulizwa, hata kama tarehe yake ya mwisho iko mbali kuliko ya wenzake.

Upungufu wake ni mmoja, nao ni mzito. Baridi huizorotesha ile miungano ya molekuli, kwa hiyo lebo haisemi lolote kuhusu kuganda. Chanjo ya homa ya ini B au ya pepopunda ikiganda huharibika, na mraba utabaki mweupe vilevile. Hapo mchanjaji hana budi kutumia jaribio la kutikisa: kichupa kinachoshukiwa hutikiswa pamoja na kingine cha toleo lilelile kilichogandishwa makusudi kisha kikayeyushwa, na mashapo ya kile kinachoshukiwa yakituama kwa kasi ileile au zaidi, kichupa hicho hakifai tena.