Antikensammlungen, München: mkaone kikombe cha Exekias
Jamani kama mnapita München, Ujerumani, msiache kuingia Antikensammlungen, makumbusho ya vitu vya kale pale Königsplatz, mi naipa nyota tano kwa kikombe kimoja tu, cha udongo cha Exekias, mfinyanzi na mchoraji wa Athene, cha kama mwaka 530 KK, kilichochimbuliwa Vulci kule Italia. Ni kile kikombe kipana cha mvinyo chenye mguu na vishikio viwili, Wagiriki wanakiita kiliksi, upana wake sentimita 30 hivi kama sinia dogo. Ndani kimepakwa wekundu wa marijani, Dionysos mungu wa mvinyo kajilaza kwenye jahazi, mzabibu umepanda mlingotini mpaka vichala vinaning'inia juu ya tanga, na pomboo saba wanaogelea pembeni. Hebu fikirieni, mvinyo unavyopungua ndo jahazi linajitokeza kidogo kidogo! Nje kumechorwa macho makubwa, kwahiyo mtu akikiinua kunywa wenzake wanaona uso mwingine unawatazama. Na Wagiriki wa kale walikua wanauchanganya mvinyo na maji kwanza, kunywa mtupu kwao ilikua ushenzi. Vikombe vingine viko vingi na vizuri, ila hiki msikiangalie juu juu, inameni muone na ubavuni.