Mitutu miwili au bolti? Nimewinda na zote mbili

Kwa misimu kadhaa nimetumia bunduki ya mitutu miwili ya .470 Nitro Express na ya bolti (komeo unalovuta kwa mkono kuingiza kila risasi) ya .375 H&H. (Namba na majina hayo ni aina za risasi.) Nikiambiwa nibaki na moja tu, nabaki na bolti. Ila nikilazimika kumfuata nyati aliyejeruhiwa kichakani, naomba ile ya mitutu miwili.

Kisa ni risasi ya pili. Kila mtutu una mtambo wake na kifyatulio chake, kwa hiyo ukishapiga, kidole kinarudi nyuma kidogo tu na ya pili imeondoka. Shavu halijabanduka kitakoni, na upande mmoja ukigoma, mwingine upo. Nyati akitokea hatua 15 mbele yako, hakuna bolti itakayofikia kasi hiyo, hata mikononi mwa fundi. Teke lake? Lipo, tena la kutosha, maana inarusha risasi ya greini 500 (gramu 32 hivi), lakini uzito wa bunduki yenyewe, karibu kilo 5, unalipunguza. Ukimaliza zote mbili ndipo shughuli inapoanza: sukuma wenzo kwa dole gumba, mitutu inajikunja, maganda yanaruka, unaingiza nyingine mbili ulizobana katikati ya vidole. Bolti wakati huo bado ina akiba tumboni.

Kilichonichosha kwa ile ya mitutu miwili ni uchaguzi wake wa risasi. Fundi huipanga mitutu kwa kupiga, kuyeyusha lehemu, kusogeza kabari na kupiga tena, mpaka risasi za pande zote mbili ziangukie pamoja. Mpango huo ni wa risasi ya uzito fulani na kasi fulani. Nilijaribu za kiwanda kingine, uzito uleule. Kwa mita 50 tu matundu yakaachana upana wa kiganja. Ndiyo maana bei yake iko juu hivyo, na ndiyo maana sishauri mtu ainunue kwa ajili ya sura. (Sura nzuri inayo, sibishi.)

Ile .375 ni ya tangu 1912 na bado inafanya kazi karibu zote: swala wa mbali kwa darubini, nyati wa karibu kwa risasi ngumu. Ukibadilisha risasi, unarekebisha darubini, basi.

Hatari yake ni hofu. Mtu akibabaika anavuta bolti nusu, ganda halitoki, bunduki inakwama mnyama akiwa anakuja. Kwa hiyo tafuta yenye ukucha mpana wa mtindo wa bunduki ya Kijerumani Mauser 98, unaoishika risasi tangu inapotoka kwenye kasha. Nunua pia risasi bandia, ufanye mazoezi ya kuvuta bolti mpaka mwisho bunduki ikiwa begani. Wengi huishusha kwanza.