Muvi ya Reli ya Marekani, Toleo la Dijei: Risasi Zimetafsiriwa, Ardhi Imerukwa

Muvi hii ya ujenzi wa reli Marekani ni shilingi 50 dukani ukija na flashi yako: saa mbili na robo za farasi, baruti na garimoshi. Picha ni safi, na dijei, yule anayeitafsiri kwa sauti yake juu ya ile ya asili, ana kipaji. Mbio za farasi kando ya mabehewa anazitangaza kama dabi ya Mashemeji, Gor Mahia na AFC Leopards, na hapo hana mpinzani.

Lakini kikao cha mkataba amekiharibu. Wazee wa Wacheyenne, wenyeji wa asili wa nyika zile, wanabishana na wapima ardhi dakika kumi nzima, naye anazijaza mzaha na salamu za wateja wa duka. Kumbe ugomvi wote umezaliwa pale! Kwa sheria ya Marekani ya 1864, kila maili ya reli iliyojengwa iliipatia kampuni vipande 20 vya ardhi, kila kimoja maili mraba moja. Hizo ni ekari 12,800 kwa maili, katika nchi ambayo wenyewe walikuwa wakiwinda nyati. Asiyesikia hayo ataona watu wakikata waya wa telegrafu kwa utundu tu.

Kwa dijei kila mwenye upinde ni "Apache". Reli ya kampuni ya Union Pacific ilitoka Omaha ikapita Nebraska na Wyoming. Waapache walikuwa mbali kusini. Wale wapanda farasi wanaolinda mafundi ni Wapawnee, mahasimu wa Wacheyenne tangu zamani, walioajiriwa na jeshi. Anawaita wasaliti, basi. Mtazamaji wa Kisumu au Nandi Hills angeelewa kwa sentensi moja: hata 1905, Waingereza walipowavamia Wanandi, walikuwa na wapiganaji wa Kimaasai.

Shambulio la treni linafanana sana na lile la Plum Creek, Nebraska, Agosti 1867: waya ulikatwa kwanza, mafundi wakaja kuutengeneza, kisha treni ya mizigo ikaangushwa. Wanandi nao waliuchukua waya wa Waingereza wakaufanya mapambo, wakati reli iliyofika Kisumu 1901 ikipenya kwao. Mfano uko mlangoni, dijei hakuugusa.

(Mataruma ya zege katika filamu ya miaka ya 1860? Wakati huo yalikuwa ya mbao. Hilo ni la watengenezaji wa filamu, dijei hana lawama.)

Omba faili ya MKV, aina ya faili ya video inayobeba sauti zaidi ya moja, yenye sauti mbili, ili ufikapo kikao cha mkataba urudi kwenye sauti asilia kwa rimoti. Faili hiyo ikizidi GB 4, flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 itaikataa, na wauzaji wengine huikata vipande viwili pale pale kwenye kikao cha mkataba. Flashi ya exFAT, mfumo mpya zaidi, huipokea nzima, ila TV nyingi za zamani haziisomi. Jaribu kwanza kwa TV yako. Kabla ya kulipa, ichezeshe dukani kuanzia katikati. Nakala mbovu huanza vizuri, kisha sauti ikaachwa nyuma na midomo.