Koki ya nje kwa nyumba ya Tanga: ya kuchukua na ya kuacha dukani

Mwaka jana, wakati wa kusi, nilitoka alfajiri kutawadha nikakuta uani kumejaa maji. Koki niliyokuwa nimeifunga miezi minane tu nyuma ilikuwa imekatika. Nusu ilikuwa mchangani, nusu imebaki ndani ya ukuta, na maji yanaruka mpaka kwenye mgomba. Nikaokota kile kipande. Juu bado kilikuwa kinang'aa kama kijiko cha wageni. Pale kilipokatikia ndipo nilipoona nilichonunua: kijivu, chembechembe kama sukari iliyoshika unyevu, na nilipokwaruza kwa ukucha ukatoka unga mweupe.

Nilikimbilia kufunga maji kwenye mita, valvu ya pale ikawa imeshikwa na kutu, haizunguki. Nikagonga kwa jirani kuomba spana. Mpaka tunafanikiwa kuizungusha, jua lilikuwa limeshachomoza. Bili ya mwezi ule sitaki kuikumbuka.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuulizia koki. Nimefunga na kufungua kwenye nyumba tatu: yangu hapa Sahare, ya mama Makorora, na ya kaka kule Mwambani, ambako ukisimama uani unasikia mawimbi. Nimewauliza mafundi, nimezunguka maduka ya vifaa vya ujenzi pale Ngamiani hadi vijana wananijua. Haya ndiyo niliyoyapata, nikianzia na ile ambayo ningeichukua leo kama ningekuwa na safari ya dukani.

Kwanza lakini tuelewane adui ni nani. Usiku hewa ya bahari inatua na umande wake wa chumvi juu ya kila chuma. Mchana jua linakausha maji, chumvi inabaki. Kesho usiku inalowa tena. Ndiyo maana koki ileile inayodumu miaka Makorora inaweza kufa haraka Raskazone. Wenye visima karibu na pwani wana adui wa pili, maji yenyewe yana chumvi, kwa hiyo koki inaliwa nje na ndani. Kabla ya kutoa hela jiulize nyumba yako iko umbali gani na maji ya bahari, na koki hiyo itapitisha maji ya bomba la mamlaka au ya kisima. Majibu hayo mawili yanabadilisha mpangilio wangu, na nitasema wapi.

Ya kwanza: koki ya brasi ya kuzungusha, yenye washa

Ni ile ya zamani, yenye kichwa cha kushika kwa vidole viwili, unazungusha mara tatu nne ndipo inafunga. Madukani mara nyingi haitundikwi mbele, iko kwenye boksi chini ya kaunta, haina sura. Naiweka juu kwa sababu mwili, shina na nati vyote ni brasi, ile shaba ya njano, na kinachochakaa ndani ni kipande cha mpira tu, hicho ndicho washa. Koki ikianza kudondosha, unafunga maji, unafungua kichwa, unatoa washa iliyokwisha, unaweka mpya ambayo bei yake haifiki ya soda. Koki ya mama Makorora ilifungwa kabla mdogo wangu wa mwisho hajaanza shule. Sasa ana watoto wawili, na koki bado ipo palepale, inabadilishwa washa tu.

Namna ya kuijua niliifundishwa na fundi mmoja mzee wa Mabawa. Nilimpelekea koki mbili dukani, nikamsalimu, nikamwuliza ipi bora. Hakuziangalia. Alichukua moja kila mkono, akazipima kama anayepima embe, akarudisha moja kwenye kaunta. "Hii nyepesi, mwanangu, rudisha. Koki hununui kwa macho." Halafu akaigeuza ile nzito, akamwomba kijana wa duka ruhusa, akachukua ufunguo wake na kukwaruza kidogo mdomo wa nyuma, ndani ya meno, ile mistari ya kuskrubia, mahali ambapo bomba litaficha. Pakatokea mstari wa njano. "Njano, chukua. Ukiona kijivu, acha hata kama ya bure." Usitegemee sumaku kwa kazi hii. Sumaku hainasi brasi, na hainasi ile ya kijivu pia, kwa hiyo haitakutofautishia.

Nisiisifie kupita kiasi. Brasi ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na maji ya chumvi yana tabia ya kuinyonya zinki polepole. Kinachobaki ni shaba yenye vitundu, inageuka rangi ya wekundu, inakuwa laini kama sponji, siku moja inavunjika. Viwanda vinatengeneza brasi iliyochanganywa kuhimili hilo, na huchonga herufi DZR au CR kwenye mwili wa koki. Ukiziona herufi hizo na nyumba yako ina kisima cha maji ya chumvi, lipa tofauti ya bei bila kusita. Kwa maji ya bomba la mtaa, brasi nzito ya kawaida inatosha.

Ya pili: brasi ya mkono mmoja, ile ya robo mzunguko

Hii ndiyo inayonunuliwa zaidi sasa. Ndani ina gololi yenye tundu. Mkono ukielekea bomba maji yanapita, ukikatisha yanazima. Ni nyepesi kwa mtoto na kwa bibi ambaye vidole vinamuuma, na huhitaji kuikaza kwa nguvu. Kwa nyumba iliyo mbali na bahari ningesema inalingana na ya kwanza kabisa.

Tatizo ni mkono wenyewe. Mwili utakuwa brasi safi, lakini mkono na nati yake huwa chuma kilichopakwa rangi nyekundu au bluu, au kuvalishwa plastiki. Kule kwa kaka Mwambani mikono mitatu iliota kutu kabla hata masika ya pili, mmoja ukabaki mkononi mwa mtoto wake, na koki nzima kabisa ikawa haifunguki bila koleo. Tafuta yenye mkono wa stenlesi, au wa aluminiamu nene. Na ikiwa maji yako yanaacha ukoko mweupe kwenye sufuria, gololi nayo itashika ukoko, kwa hiyo koki isikae wiki nzima bila kuguswa.

Ya tatu, na kwa wa ufukweni ni ya kwanza: plastiki nyeusi

Najua watu wanaidharau. Mimi mwenyewe niliidharau. Lakini chumvi haina cha kula pale. Kaka sasa amezifunga mbili, na maji ya kisima chake yana chumvi mpaka chai unaisikia. Hazina doa.

Zinauawa na vitu viwili. Cha kwanza ni jua: nyeupe inageuka njano na kuwa kavu kama ganda la yai, ndiyo maana nasema nyeusi, kwa sababu ule masizi unaotiwa kwenye plastiki nyeusi ndio unaozuia jua kupenya. Cha pili ni mikono ya mafundi. Plastiki hukazwa kwa mkono, ukitia spana unapasua meno na hutaona mpaka maji yawe na presha. Na usiache mpira wa maji umening'inia pale kutwa, uzito wake unaivuta shingo. Ni rahisi, kwa hiyo nunua mbili, ya pili iweke ndani.

Ya nne: stenlesi

Ingekuwa ya kwanza kama tungekuwa tunauziwa kilichoandikwa. Stenlesi zina namba. 304 ni ya kawaida, nzuri kwa jikoni. 316 imeongezwa madini ya molibdeni, ndiyo inayotumika kwenye vyombo vya baharini, na hiyo ukiipata usiiachie. Lakini nyingi nilizokuta hazina namba popote, muuzaji anasema "stenlesi original" basi. Niliyoinunua mimi ilitoa vidoadoa vya rangi ya chai ndani ya msimu mmoja. Haivuji, tuseme ukweli, lakini kwa bei ile nilitarajia zaidi. Bila namba, usilipe bei ya 316.

Ya kuacha: ya kung'aa iliyo nyepesi

Ndiyo iliyonikatikia. Ndani ni zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, nje imepakwa kromu nyembamba. Bafuni inaweza kukaa. Nje, hapa kwetu, kromu ikipata mkwaruzo mmoja chumvi inaingia, zinki inalika kutoka ndani huku uso unaendelea kukuchekea. Ndiyo inayotundikwa mbele ya duka, na ndiyo fundi mwenye haraka atakuletea ukimpa hela akanunue mwenyewe. Nenda naye.

Zinazoletwa kutoka nchi za baridi

Hili limeingia kwa sababu ndugu zetu wa Marekani na Uingereza wanapakia makontena, na ndani mna koki. Dada yangu mmoja anaishi Minneapolis, Marekani. Kule maji yakiganda yanaongezeka ujazo kwa kama asilimia 9, na hayana pa kwenda. Mara nyingi bomba halipasuki pale penye barafu. Barafu inasukuma maji yaliyobaki kati yake na koki iliyofungwa, presha inapanda, bomba linapasuka pale. Februari 2021 jimbo la Texas, ambalo halikuzoea, lilipata baridi ya hivyo na nyumba nyingi sana zikapasuka mabomba kwa mpigo.

Kwa hiyo kule wana koki ya nje yenye shina refu. Wewe unazungusha kichwa nje ukutani, lakini washa inafungia ndani ya nyumba penye joto, na maji yaliyobaki kwenye shina yanajimwaga yenyewe. Dada anasema wengi wanaipasua kwa kosa moja, kuacha mpira wa maji umefungwa, maji yanashindwa kutoka na kuganda humo. Ufa wenyewe wanakuja kuugundua majira ya joto wanapofungua. Kama una ndugu kule, mwambie: mpira utoke kabla ya baridi, na hiyo haina gharama.

Alinitumia moja kwa nia njema. Haikufaa, na si kwa sababu hatuna barafu tu. Meno ya Marekani si meno yetu. Ya nusu inchi yana mizunguko 14 kwa inchi kama yetu, kwa hiyo inakudanganya, inaingia mizunguko miwili mitatu vizuri. Lakini pembe ya meno ni nyuzi 60, yetu ni 55. Inakwama, unatia spana, unatia tepu, bado inachuruzika. Koki ya kontena nzuri kwa macho iulizie hilo kwanza.

Lakini kuna vitu viwili vya kule nimevichukua. Kimoja ni ile sponji nyeusi ya bomba, kwetu inauzwa kwa mafundi wa viyoyozi. Wao wanazuia baridi, mimi nimeivika kwenye bomba linalopita juu ya ukuta wa magharibi, kwa sababu saa nane mchana maji yalikuwa yanatoka ya moto hadi mama anashindwa kuosha samaki. Sasa ni vuguvugu. Izungushie tepu juu, jua linaila.

Cha pili ndicho ningekinunua hata kabla ya koki. Kila mwaka kabla ya baridi, dada anaingia ndani, anafunga valvu inayopeleka maji nje, kisha anatoka kufungua koki ya nje imwage yote. Valvu ya ndani! Nyumba yangu haikuwa nayo, na ndiyo sababu nilizunguka gizani kutafuta spana. Kama una hela ya kitu kimoja tu mwezi huu, koki yako mbovu iache ilivyo, nunua valvu hiyo. Chukua ya gololi, ya brasi, au ya PPR kama bomba lako ni PPR, yale ya plastiki yanayounganishwa kwa moto. Geti valvu, ile yenye gurudumu la kuzungusha mara nyingi, usichukue, hukaa wazi miaka, siku ya shida haizunguki. Ifungwe chini ya paa, mahali unapofika usiku bila tochi, na uigeuze kila mwezi isisahau kazi.

Kwenye kufunga, mawili tu. Kama bomba lako ni la chuma cha zamani, usiunganishe brasi moja kwa moja, chuma kitaoza pale pale kwenye kiungo. Weka soketi ya plastiki katikati. Na fundi akitoa katani badala ya tepu, usimcheke. Nyuzi chache zilizopakwa gundi ya mabomba hushika meno yaliyochakaa kuliko tepu, na sisi watu wa mkonge tunajua nyuzi hizo zinavyofura zikinywa maji.

Wenye nyumba ya barabarani, ziko za brasi zenye tundu la kufuli. Kufuli nayo iwe ya brasi, na mafuta kidogo ndani yake kila baada ya wiki chache.

Kabla hujatoka dukani, omba washa tatu za koki hiyohiyo, siku hiyohiyo. Ukirudi baada ya mwaka saizi itakuwa imebadilika. Zangu ziko kwenye kopo la maziwa, juu ya dirisha la jikoni, pamoja na spana niliyonunua mwenyewe.