Safari ya Naivasha na kampuni ya hapa Malindi: dereva kumi kwa kumi, ratiba wacha tu

Jina la kampuni silitaji manake Malindi ni kijiji na mwenyewe tunapishana marikiti kila wiki, wakisoma watajijua.

Ilikuwa mwezi wa nane, watoto wamefunga shule, kusi imechachamaa na bahari imechafuka, mume wangu akasema mwaka huu hatuendi Watamu kula viazi karai mchangani na kurudi jioni, twende bara watoto wakaone milima na maziwa. Wifi yangu kusikia hivyo akadakia na yeye yumo. Tukawa watu 5. Kuna ofisi moja ya safari upande wa barabara ya Lamu, siku zote nawaona wakipakia Waitaliano kwenda Tsavo, tukaingia, tukakuta kijana ana kompyuta na picha nzuri nzuri, soda ikaletwa, kufumba na kufumbua katupangia siku 4: treni ya usiku toka Mombasa, mlima Longonot, ziwa Naivasha, mbuga ya Hell's Gate, ziwa Elementaita, mbuga ya Nakuru, kisha nyumbani. Tukatoa arubuni nusu kwa M-Pesa na risiti tukapewa hapo hapo. Hapo siwalaumu, mambo yao ya pesa yameandikwa vizuri.

Sasa ratiba. Yule kijana naapa huo mlima hajaupanda, kauona kwenye simu kama mie. Treni inatoka Mombasa saa nne usiku, lakini sie watu wa Malindi mpaka ufike stesheni Miritini ushakula kilomita mia na ushee barabarani, kwa hiyo tulitoka nyumbani alasiri. Nairobi tukashuka alfajiri, macho mekundu, mdogo kalala begani kwangu njia nzima mpaka mkono umekufa ganzi. Dereva anatungoja, mashallah anacheka, salaam, mizigo kwenye vani, nikajua tunapelekwa kulala. Wapi! Ratiba inasema asubuhi ile ile Longonot, kuzunguka ukingo wote, jioni boti ziwani.

Kwa asoijua, Longonot ni volkano, kilele chake mita 2776. Toka getini mpaka ukingoni ni kama kilomita 3 za kupanda tu, na ukitaka kuuzunguka ukingo wenyewe ni kilomita 7 nyengine, tena inapanda inashuka kama meno ya msumeno. Sie tumezaliwa mita sifuri, mlima wetu mrefu ni ngazi za ghorofa. Na njia ni vumbi laini la majivu, unapiga hatua mbili unarudi moja. Wifi kavaa raba nyeupe za kuendea harusi, hakuna aliyemwambia avae nini. Nusu ya njia akaketi juu ya jiwe, akavua raba moja akaikung'uta, likamwagika vumbi kama unga wa mahamri, akasema nendeni, mimi mnikute hapa hapa, na mkinikuta nimekufa mnizike Malindi. Mie nilifika ukingoni kwa kushikwa mkono na mwanangu mkubwa, kifua kinawaka, na kwa kweli nilipochungulia nilinyamaza: shimo kubwa la duara na chini kumejaa msitu, kama bakuli limetiwa mchicha. Upepo unataka kuking'oa kilemba. Lakini kuzunguka nani azunguke? Hakuna aliyezunguka. Boti ya jioni vile vile ikafa, saa kumi na moja kila mtu hoi.

Baridi nayo. Nilimuuliza yule kijana, nikamuuliza tena, akaniambia "kabaridi kidogo tu mama". Ziwa Naivasha liko karibu mita 1900 juu ya bahari, na mwezi wa nane bara ndio kwanza baridi inapungua, inapungua kwao, kwetu sie ni friji. Tulilala kwenye mahema kando ya ziwa, mahema mazuri na vitanda ndani, sina neno, lakini nililala na sweta, mabuibui mawili na taulo juu. Usiku wa kwanza wafanyakazi wa kambi waliingiza chupa za mpira za maji moto ndani ya mashuka bila kutuambia. Wifi kaingia gizani, kanyoosha miguu, kakanyaga kitu laini cha moto kinacheza cheza. Lile yowe mpaka viboko nje walinyamaza! Manake viboko wanatoka ziwani usiku kula majani, uzio wa umeme ndio unatutenga nao, unasikia mtu anakoroma kumbe si mume wako.

Chakula nusu nusu. Ofisini walijua sie Waislamu, majina yetu yako kwenye fomu, lakini hakuna alouliza habari ya nyama halali. Mpishi wa kambi hakutuficha, akasema hajui imechinjwa na nani, basi tukala samaki siku ya kwanza. Samaki wa ziwa, jamani, wale waliozoea changu na nguru mnielewe tu, wifi alisema huyu kafugwa kwenye matope. Siku ya pili dereva mwenyewe akatupeleka mjini Naivasha mkahawa karibu na msikiti, tukala pilau, roho zikarudi.

Na huyu dereva ndiye alookoa safari. Alipotuona vile hali zetu asubuhi ya pili akaikunja ile ratiba akaitia mfukoni, akasema leo mtalala mpaka mshibe, jioni boti, kesho Hell's Gate. Boti ilikuwa raha, ziwa limejaa miaka hii mpaka migunga imefia majini imesimama mikavu, na kila tawi lina ndege. Watoto ndio wakafahamu kuwa kuna maji makubwa namna ile na hayana chumvi, mdogo aliyaonja kuhakikisha nikamzaba kibao.

Hell's Gate sasa. Sie tuna Hell's Kitchen yetu kule Marafa, lile korongo la mawe mekundu tunaloliita Nyari, kwa hiyo nilikwenda na kiburi, nikasema mawe mekundu nimeyaona. Lakini Marafa huendeshi baiskeli katikati ya punda milia! Ni mbuga chache Kenya zinazokuruhusu kushuka garini ukatembea au kuendesha mwenyewe, na twiga yuko pale kakutazama kama umekosea njia. Baiskeli zinakodishwa getini, zijaribuni breki kabla ya kulipa, ya mume wangu kiti kilikuwa kinazunguka kama feni. Mie nilivaa suruali chini na dera nikalifunga fundo pembeni, nikaendesha, na sikuendesha tangu madrasa. Hapo kwenye mnara wa jiwe wa Fischer kuna pimbi, vijinyama kama panya buku vinene visivyo na mkia, vinaota jua havina habari na mtu. Mbele zaidi unaona moshi mweupe unatoka ardhini, mkubwa wangu akadhani moto, dereva akamweleza ni mvuke wa chini ya ardhi wa hapo Olkaria, tangu 1981 wanautumia kutoa umeme. Hiyo nusu siku peke yake nailipia tena kesho.

Korongo la humo Hell's Gate hatukushuka. Kijana wa ofisini alikuwa ameliandika kwa wino mzito, "kushuka korongoni pamoja na mwongozaji", na pesa yake tumelipa. Tulipofika askari wa mbuga wakasema leo halishukiki, huko juu kumenyesha. Pale tuliposimama jua kali, nikakasirika, nikaona tunafanywa wajinga. Dereva akanivuta kando taratibu akaniambia mama, mvua hainyeshi hapa, inanyesha kule mlimani, maji yanakuja ghafla na kuta zimesimama huku na huku, huna pa kukimbilia, 2012 yaliua watu humo na 2019 yakaua tena watu 7. Nikanyamaza nikawatazama wanangu. Lakini hebu niambieni, hilo la kuniambia dereva siku yenyewe ama ofisi siku ninayolipa?

Elementaita tuliiona toka juu barabarani, mstari wa waridi kwa mbali ukingoni ndio flamingo, picha tatu tukageuza. Nakuru muda ulikwisha hatukuingia.

Tuliporudi nilikwenda ofisini na ile ratiba iliyokunjwa kunjwa. Kiingilio cha mbuga siku hizi hulipi pesa mkononi, kinalipwa kwenye mtandao wa serikali wa eCitizen na rekodi inabaki, nikamwambia kijana nionyeshe malipo ya Nakuru. Hayakuwepo, walikuwa wanangoja siku ifike. Sikupiga kelele, niliketi tu pale kwenye kiti cha wateja, kila Mzungu akiingia namwamkia. Saa moja baadaye pesa za Nakuru na za mwongozaji wa korongo zikaingia kwenye simu yangu, kamili.

Nawapa nyota 3 kwa 5. Gari safi, mahema mazuri, pesa walirudisha, na nyota moja na nusu katika hizo ni za dereva peke yake. Mkienda nao mwombeni yeye, mrefu, anacheka hata kabla hujamaliza salaam. Bebeni masweta ya mitumba ya maana, si vile vikardigani vya ofisini, viatu vyenye meno, na habari ya nyama isemeni mapema kwa mpishi mwenyewe si kwa kompyuta. Na Longonot mwambieni kijana awaandikie siku ya tatu, miguu ishazoea hewa ya huko, akikataa mwulizeni yeye aliupanda lini.