Sekonic L-308S kwenye mwanga wa Kigoma: uzoefu wangu

Pale Kibirizi, jua la saa sita, dagaa waliotandazwa mchangani wanang'aa kama bati jipya, na wanawake wanaowageuza sura zao zimo kwenye kivuli cha kanga. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kama kinatazama dagaa au makaa. Kila kinachokiona hukichukulia kuwa kijivu cha wastani. Jaza fremu dagaa, kamera inabana mwanga kwa hatua moja hadi mbili (kila hatua hukata mwanga nusu au kuuzidisha mara mbili), samaki wanatoka kama wamepakwa majivu. Jaza fremu uso wa mtu mweusi, inakosea upande wa pili: inaongeza mwanga, ngozi inapauka.

Sekonic L-308S, kipimo cha mwanga cha kushika mkononi, inapima mwanga unaokiangukia kitu, si ule unaorudi kutoka kwake. Unasimama alipo unayempiga, au penye mwanga uleule, unaelekeza kuba lake dogo jeupe kwenye lenzi (si kwenye jua, kosa hilo ni la kila siku), kisha unabonyeza kitufe cha ubavuni. Kwa ISO 200 (usikivu wa filamu au kamera kwa mwanga) na shata ya 1/250 ya sekunde, jua kali lisilo na wingu hutoa tundu la lenzi la f/16 au karibu na hapo, awe mbele yako dagaa, kanzu au kaptula nyeusi. Kwa dijitali mimi hupunguza theluthi moja ya hatua zaidi pakiwa na dagaa wengi, nikilinda weupe. Vile vimeta vya jua juu ya magamba viache viungue, havina cha kuokoa.

Kioo chake cha namba kinahitaji kuzoewa. Kikionyesha 8 kubwa na 5 ndogo, hiyo si f/8.5. Namba ndogo ni sehemu za kumi za hatua, kwa hiyo uko katikati ya f/8 na f/11. Kamera nyingi za dijitali huenda kwa theluthi za hatua: 3 ndogo ni mbofyo mmoja wa gurudumu, 7 ni miwili. Kwenye lenzi ya zamani naweka pete katikati ya alama mbili. Hakikisha pia kuba limesukumwa hadi mwisho wa njia yake, maana likiachwa nusunusu kipimo kinadanganya.

Jioni ndiyo mtihani wenyewe. Jua linashuka nyuma ya milima ya Kongo, ziwa lote linageuka kioo, na mtu aliyeligeuzia mgongo anakuwa kivuli kitupu. Kuba mbele ya uso wake, likielekea kamera, linaweza kusoma f/4 wakati anga iko hatua nne juu yake. Hapo kipimo kimefanya kazi yake, na uamuzi ni wako. Filamu ya negativu ya rangi ipe ile f/4 bila woga, hata nusu hatua zaidi, kwa kuwa inavumilia mwanga mwingi kuliko mchache. Kivuli kisichoandikwa kwenye negativu hakirudi. Filamu ya slaidi na dijitali ni kinyume: kilichoungua ndicho kisichorudi. Kwa dijitali napiga RAW (faili ghafi), napunguza hatua moja hadi moja na nusu, natazama histogramu, ile grafu ya mwanga, isigonge ukuta wa kulia, kisha nanyanyua uso baadaye. Kilicho bora kuliko yote ni shuka jeupe lililoshikwa chini ya kifua cha mtu, likimrudishia usoni mwanga wa anga.

Mahali kinaposhindwa: taa za wavuvi usiku. Huwezi kwenda kusimama kwenye mtumbwi ulioko mbali, na chini ya EV 0, yaani mwanga hafifu sana, hakisomi. Ukisukuma kuba pembeni kinapima mwanga unaorudi, lakini kwa pembe ya nyuzi 40, pana mno kwa taa moja juu ya maji meusi. Hapo piga majaribio kwa dijitali, uhamishie namba kwenye filamu. Na kumbuka shata ikikaa wazi muda mrefu filamu inachoka, usikivu wake unapungua: kwa HP5 Plus, filamu ya nyeusi na nyeupe, sekunde 10 za kipimo zinahitaji takriban 20.

Wenye Pentax K1000, kamera ya filamu, wajue kwamba shata yao inaishia 1/1000. Kwa filamu ya 400 mchana hapo uko f/11. Ukitaka f/4, kipimo kitakupa 1/8000, kamera haina. Nunua filamu ya 100 au funga kichujio cha kupunguza mwanga. Kipimo hakijui ulichofunga mbele ya lenzi, hivyo kwa polaraiza (kichujio cha kupunguza mng'ao) inayokula hatua mbili nageuza ISO ya kipimo kutoka 400 kwenda 100, nasahau hesabu.

Betri ni moja tu ya AA, ile ya tochi, utaipata hata soko la Mwanga. Kuba lifute kwa kitambaa laini kikavu kila ukitoka mwaloni: likishika vumbi na magamba kipimo kinadhani kuna giza, na mkanda mzima unatoka na mwanga uliozidi.