Mazoezi kwa Simu: Mafunzo Mazuri, Malipo ya Kutilia Shaka

Huduma ninayoitathmini ni programu ya simu inayofundisha mazoezi ya viungo kwa video, ambayo mteja huilipia kila mwezi kwa makato yanayojirudia yenyewe hadi atakapojiondoa. Kwa upande wa mafunzo sina lawama kubwa. Walimu wanaeleza kila mkao kwa utaratibu, wanatahadharisha mapema ni mazoezi gani yanaweza kumdhuru mwenye maumivu ya mgongo au magoti, na video zinaweza kupakuliwa ili zitazamwe hata intaneti inapokatika. Ratiba ya wanaoanza inakwenda polepole kuliko nilivyotarajia, jambo ambalo kwangu ni sifa.

Kinachohitaji kujadiliwa kwa kina ni namna huduma hii inavyouzwa. Ili kujiunga, mtu hutakiwa kuingiza barua pepe na namba ya kadi ya benki, basi, na siku za mwanzo ni za bure. Kujiondoa ni kazi nyingine kabisa: kitufe chake kimewekwa ndani ya mipangilio, chini ya kichwa kisichohusiana nacho, na ukishakipata unaulizwa sababu, unapewa punguzo, unaonyeshwa maendeleo utakayoyapoteza, kisha unaulizwa tena kama kweli umeamua, huku kitufe cha kubaki kikiwa kikubwa chenye rangi kali na cha kuondoka kikiwa maandishi ya kijivu yasiyosomeka vizuri.

Mtetezi wa soko huria atasema kwamba mtu mzima aliyeyakubali masharti ndiye anayepaswa kubeba matokeo yake, na kwamba kampuni haina kosa kutafuta faida. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Tangu mwaka 1776 mwanauchumi Adam Smith alikwisha kueleza kwamba hatutarajii mlo wetu kutokana na hisani ya mwuza nyama au mwoka mikate, bali kutokana na wao kujali maslahi yao wenyewe. Lakini mwoka mikate hapati kitu kwa mkate ambao mteja hakuja kuuchukua; ni lazima aoke vizuri ili mteja arudi kesho. Katika malipo yanayojirudia, kampuni huingiza fedha hata mteja asipofungua programu kwa miezi, na kwa kweli mteja aliyesahau ana gharama ndogo kuliko yule anayetazama video kila alfajiri. Kiungo kilichokuwa kikiifunga faida ya muuzaji na kuridhika kwa mnunuzi kimelegea.

Na binadamu husahau, tena hujipa matumaini makubwa kuhusu bidii yake ya kesho. Mwaka 2006 wanauchumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha utafiti kuhusu wanachama wa vituo vya mazoezi nchini Marekani. Waliochagua mkataba wa ada ya zaidi ya dola 70 kwa mwezi walihudhuria wastani wa mara 4.3 tu, hivyo kila hudhurio liliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali wangeweza kununua tiketi ya mara 10 na kulipa dola 10 kwa kila hudhurio. Aidha, kwa wastani ilipita zaidi ya miezi miwili tangu mwanachama ahudhurie mara ya mwisho hadi alipofuta mkataba.

Sioni sababu ya kuilaumu kampuni kwa uvivu wa mteja. Aliyejiunga kwa shauku akaacha baada ya wiki mbili amejigharimu mwenyewe. Lakini kukificha kitufe ni uamuzi wa mtu mwingine, aliyeketi akakadiria ni wateja wangapi watachoka njiani, na uamuzi huo nao una mwenyewe. Ni vigumu kumhimiza mteja awajibike huku ukilipa wabunifu wamzuie kufanya hivyo. Ujerumani imelishughulikia jambo hili bila kelele nyingi: tangu tarehe 1 Julai 2022, anayetoa mikataba ya aina hii kwa wateja mtandaoni hulazimika kuweka kitufe cha kuifuta kinachoonekana wazi. Nchini Marekani, Amazon ilikubali mwezi Septemba 2025 kulipa dola bilioni 2.5 ili kumaliza kesi iliyofunguliwa na tume ya serikali ya biashara, iliyodai kuwa watu waliingizwa katika Prime, huduma yake ya uanachama wa kulipia, bila ridhaa yao na kwamba kujiondoa kulifanywa kuwe kugumu. Ubepari haukuanguka kokote.

Mafunzo nayapa nyota nne kati ya tano, na utaratibu wa malipo nyota moja. Anayetaka kuijaribu huduma hii afahamu kwamba akiufuta usajili siku ileile anayoanza kipindi cha bure, video zitaendelea kufunguka hadi kipindi hicho kiishe, na baada ya hapo anaweza kujiunga upya endapo bado anafanya mazoezi.